Kupanda Mlima Bila Kukimbizwa

Shangazi Mapendo,

Nimerudi. Fimbo yako iko salama, iko nyuma ya mlango wa jikoni hapa Louisville. Imechubuka kidogo kwenye ncha lakini haikuvunjika. Naanza na fimbo kwa sababu najua ndiyo ungeiulizia kwanza, kabla ya kuuliza kama mimi mwenyewe nimevunjika mguu.

Tangu tulipokuzika Buffalo, theluji ikitupiga usoni na wachimba kaburi wakitutazama kwa macho ya kutuharakisha, nimekuwa nikitembea na maneno yako kama mtu aliyebeba maji kichwani. Sikutaka yamwagike. Sasa nimeyafikisha, na wa kwanza kupewa habari lazima uwe wewe, hata kama huwezi kunijibu. Hilo la kutonijibu bado linanikasirisha. Nakuambia ukweli. Kuna jioni nashika simu nikitoka kazini, naanza kutafuta jina lako, halafu nakumbuka.

Nirudi nyuma kidogo, kwa kuwa nataka Grace wangu aisome barua hii siku moja, na yeye alikuwa bado tumboni mambo haya yalipotokea.

Tulipokimbia vita kwetu milimani tulipanda kwa safu. Kaka yako mkubwa, Baba mkubwa Elia, alikuwa mbele na panga akifyeka njia. Watoto wakafuata, kisha mimi na tumbo langu, kisha Nyanya, mama yenu, na wewe nyuma kabisa na fimbo hii. Baba yangu, ndugu yenu, alikuwa ameshakufa, na ng'ombe tulikuwa tumewaacha. Kila nilipotaka kutazama nyuma ulinichoma kidogo mgongoni na ncha ya fimbo. "Usigeuke. Pandisha tu." Nikapandisha. Sote tulipandisha. Tulipofika kileleni Baba mkubwa akahesabu watu, Nyanya hayupo, na chini kule risasi zilikuwa zimeshaanza kulia. Wewe ulisema tu kwamba amechoka, ameketi. Baba mkubwa hakuuliza zaidi. Tukashuka upande wa pili, tukaenda mpaka Burundi, tukakaa kambini miaka, kisha Marekani ikatugawanya kama vifaranga sokoni: wewe Buffalo, Baba mkubwa Columbus, mimi Louisville.

Na tangu siku ile hakuna mtu wa nyumba yetu aliyezungumza juu ya mlima ule. Baba mkubwa anaendesha gari bila kuangalia kioo cha nyuma. Grace humcheka kwa hilo, anasema ipo siku atagongwa. Mara moja tu, kwenye maombi ya mkesha, nilimsikia akimwambia Mungu kwamba mama yake alimwita na yeye hakusikia, kwa kuwa alikuwa mbele. Alisema kwa sauti ndogo. Nilijifanya nimelala.

Ndipo wewe, hospitalini, ukaniambia nisogeze kiti.

"Mimi niligeuka," ulisema. "Mama alikuwa ameikala muzuri juu ya jiwe. Alifungua kibuyu chake, anakunywa maziwa. Akanipungia mukono, ati muende. Hakumwita mutu."

Nilikuuliza kwa nini hukumwambia Elia miaka yote hiyo. Ukasema ulijaribu, lakini kila ulipotaja mlima alisimama akatoka nje. Ukasema pia, na hapa ulikaribia kucheka, kwamba Elia akiwa ameketi kwenye kochi anabishana, kwa hiyo aambiwe akiwa juu, pumzi zimemwishia. Lakini kwanza, ukasema, nipande na kugeuka mimi. Siwezi kumgeuza mtu wakati shingo yangu mwenyewe imekauka. "Nataka mutu moja wa nyumba yetu apande mulima pasipo kufukuzwa. Akifika kule juu, ageuke, aangalie nyuma. Uende kwa ule wa Toni."

Mzee Toni nilimjua kupitia kwako. Ulikuwa ukimwogesha na kumlisha katika ile nyumba ya wazee Cheektowaga, na juu ya kitanda chake kulikuwa na picha ya mlima mweupe na ng'ombe chini yake. Alichunga pale akiwa kijana, kwao Austria, kabla ya kuja kufanya kazi viwandani. Kiingereza chako kilikuwa cha kuomba radhi, chake kilikuwa kimeanza kumtoka, lakini mlikuwa mkizungumza ng'ombe mpaka msimamizi anakuja kuangalia kama kuna shida. Uliniambia kwa simu, umefurahi kama uliyepata ndugu aliyepotea, kwamba na wao hupandisha ng'ombe mlimani kiangazi na kuwashusha baridi ikianza. Ukasema hao ni watu.

Basi nikaamua. Sikujua kuamua ni kazi rahisi, kinachofuata ndicho kigumu.

Nilianza mazoezi pale kwenye kilima cha Iroquois, karibu na nyumbani, kila nikitoka kiwandani Jeffersontown. Mwanamke mzima, sketi, viatu vya kazi, fimbo ya kuchungia. Magari yalisimama kuniuliza kama gari langu limeharibika. Mama mmoja wa kanisani alimpigia mwenzake kwamba Neema amechanganyikiwa tangu shangazi yake afe. Sikujali. Nilipanda na mvua, nikapanda na lile joto la Kentucky linalokubandika nguo mgongoni. Kila siku nilifika juu, na kila siku nilishuka kwa njia ya upande wa pili ili nisilazimike kutazama nilikotoka. Unaona? Hata kwenye kilima kile cha kitoto.

Baba mkubwa alipopata habari alinipigia kutoka Columbus. Hakusalimu.

"Bon, Neema. Tulipanda milima miguu bure, bunduki iko nyuma. Leo utalipa ndege juu ya kuenda kupanda mulima? Nani anakufukuza?"

Nilimwambia hakuna, ndiyo maana naenda. Akakata simu. Grace, ambaye alikuwa anasikiliza kwa kujifanya anasoma, akasema kwa Kiingereza chake kwamba yeye anakuja na mimi, na kwamba hilo halina mjadala. Amechukua kichwa chako, huyu mtoto. Nilimlea mimi, lakini kichwa ni chako.

Tukaenda Julai. Fimbo tuliifunga kwenye kitenge chako cha kijani, na kila uwanja wa ndege askari aliifungua, akaitazama, akanitazama mimi, akaifunga tena vibaya. Kutoka kwenye treni tuliuona mlima kabla ya kijiji. Shangazi, ni ule ule wa picha. Mweupe, umesimama peke yake, jiwe tupu la chokaa kuanzia kiunoni hadi juu. Chini misonobari, katikati majani, halafu jiwe. Jina lake silijaribu, hata Grace linamshinda. Nilisimama dirishani nikasema kwa sauti, "Shikamoo mlima," na mzungu aliyekuwa karibu akasogeza begi lake.

Mwenye nyumba tuliyolala alitushauri tubebe maji mengi. Alituonyesha kwa vidole, chupa, chupa, chupa. Nikamtabasamia kama unavyomtabasamia mtoto anayekufundisha kukamua. Mimi ni mtu wa milimani! Kwetu nani anabeba maji kwenda juu? Kwetu unavyopanda ndivyo chemchemi zinavyoongezeka, mito yote inatoka juu, ukishikwa na kiu unapiga hatua mbili unainama unakunywa. Nilimwambia Grace achukue chupa moja tu, tena ndogo, atajaza njiani.

Hukuwahi kuniambia kwamba kuna milima inayokunywa maji yake yenyewe.

Msituni kulikuwa na kijito, tukakipita kwa dharau. Kwenye majani kukawa pakavu. Tulipofika kwenye jiwe, jua lilikuwa limelipasha mpaka mkono haushikiki, na hakuna hata unyevu. Mvua yote ya mlima ule inaingia kwenye nyufa na kupotea ndani. Kuna mashimo, ukitupa kijiwe unakisikia kikishuka, kikishuka, halafu kimya. Chupa ikaisha. Mate yakawa gundi. Niliendelea kumwambia Grace kwamba chemchemi iko pale juu kidogo, pale kidogo, mpaka akakaa chini akaniuliza kama najua ninachosema. Sikujua.

Aibu ilinipanda, Shangazi. Nimetoka Louisville na fimbo ya mchungaji, nimeshindwa na kiu kama mtalii.

Hapo nikasikia kengele. Ng'ombe wao huvaa kengele shingoni, kubwa, zinasikika bonde zima. Zilikuwa chini yetu, upande wa kushoto, mbali na njia iliyopakwa rangi. Nikatulia nikasikiliza kama ulivyonifundisha. Ng'ombe wanaokula, kengele zao hutawanyika. Hizi zilikuwa zimekusanyika mahali pamoja, zikilia polepole, moja ikinyamaza nyingine ikianza. Ng'ombe wakikusanyika mchana wa jua kali wamefuata nini? Nilimwambia Grace tunashuka. Alikasirika, maana jasho lote la kupanda pale lilikuwa linakwenda bure, na alikuwa na haki. Tukashuka.

Lilikuwa birika refu la gogo, na maji yanatiririka ndani yake kutoka kwenye bomba lililochomekwa kwenye ukingo ambapo jiwe linakutana na udongo. Grace aliingiza kichwa kizima. Mimi nilikunywa kwa viganja, ng'ombe mmoja wa kijivu akinipumulia sikioni, na nikaanza kulia bila kujua nalilia nini. Nafikiri ni ile harufu.

Akatoka mwanamke kwenye kibanda, wa umri wako, mikono mipana. Hakushangaa watu weusi wawili kwenye birika lake, mmoja akilia. Aliitazama fimbo. Aliishika katikati, pale ulipopachakaza wewe kwa kiganja chako, akatikisa kichwa kwa kukubali, akaingia ndani, akatoka na ya kwake. Fupi kuliko yako. Tukalinganisha. Kisha akaleta maziwa kwenye vikombe vya bati. Grace alitaka kunywa wima tuendelee na safari, nikamvuta sketi. Maziwa katika nyumba yetu hayanywewi wima, hilo walau nimemfundisha. Tukaketi juu ya jiwe, tukanywa mpaka mwisho, na hakuna aliyetuharakisha. Hapo ndipo nilipomsimulia Grace habari za Nyanya. Sikupanga. Alisikiliza kikombe kikiwa mkononi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alinijibu kwa Kiswahili. Alisema, "Basi twende, Mama."

Tukajaza chupa, na nyingine aliyotupa yule mama, tukaanza tena. Sehemu ya juu ni kali. Wameweka waya mnene wa chuma ukutani ili watu washike. Nilitanguliza mkono kila mahali, nikapima kila jiwe kwa fimbo kabla ya kulikanyaga, kwa kuwa chokaa hudanganya, unaliona jiwe zima kumbe limekatika ndani.

Karibu na juu mawe yakaporomoka nyuma yetu. Sauti yake ilikuwa ile ya risasi, Shangazi. Ile ile, kavu, inayorudiwarudiwa na bonde. Sikufikiri. Nilimshika Grace mkono nikapanda mbio, nikateleza, nikapanda, goti likachanika, nikawa namwambia usigeuke, usigeuke, pandisha. Nilisikia mdomo wangu ukitoa sauti yako. Grace alinishika kiuno akanizuia kwa nguvu zake zote. Yeye alikuwa ameshageuka. Akaniambia ni mbuzi wa porini, Mama, ni wawili, wameangusha mawe, wanatutazama. Nikamwuliza kama ana hakika. Akasema angalia mwenyewe. Sikuweza. Niliegemeza paji la uso kwenye lile jiwe la moto nikasubiri moyo ushuke.

Kileleni kuna msalaba mkubwa. Nilifika nikaushika kwa mikono miwili, uso wangu ukiwa kwenye mbao, mgongo wangu ukiwa kwenye bonde. Nilimshukuru Mungu kwa sala ndefu, na wewe unajua mimi si mtu wa sala ndefu. Nilikuwa nachelewesha. Nilisali hadi nikakosa cha kuombea, nikaombea hata msimamizi wangu wa kiwandani. Mwishowe nikasimamisha fimbo yako mbele yangu, nikaizungusha, nikazunguka nayo.

Niligeuka.

Sikukuta nilichokuwa nakiogopa. Nilikuta njia tuliyoipanda, nyembamba, nyeupe. Nilikuta ng'ombe kama punje za mtama na paa la kibanda cha yule mama. Wale mbuzi wawili walikuwa bado pale. Na mbele ya vyote hivyo alisimama Grace, goti lake zima, nywele zimejaa vumbi la chokaa, akinipiga picha bila kuniomba ruhusa. Miaka yote ile nilikuwa nikijua moyoni kwamba nikigeuka nitamwona Nyanya akinilaumu. Nilitazama kwa muda mrefu. Kisha nikaketi, tukala mkate wote na jibini yote, ndege weusi wakigombea makombo.

Septemba nilipita Buffalo kuja kuona jiwe la kaburi lako limewekwaje. Limekaa vizuri, jina halijakosewa. Nilimpitia Mzee Toni. Ananiita Mapendo, sikumrekebisha. Nilimwonyesha picha za mlima kwenye simu, akazipita zote, msalaba, kilele, mimi na mashavu yangu, hakujali. Alipofika kwenye ile ya birika la gogo akagonga kioo kwa kidole, akacheka mpaka akakohoa. Naona alijua. Naona na yeye alishawahi kukosa maji pale.

Ikabaki kazi ya Baba mkubwa. Nilimwalika Louisville kwa ubatizo kanisani kwetu, akaja na suti na viatu vyake vya kung'aa. Baada ya ibada nikamwambia tunyooshe miguu kidogo. Aliona kilima cha Iroquois akajua, akanitazama kwa jicho lile, lakini Grace alikuwa ameshamshika mkono, na unajua hawezi kumkatalia Grace. Akapanda akinung'unika. Watoto wangu mnanizeesha, mlima hauna hata mbuzi moja, Wamarekani wanapanda nini hapa. Mbele, kama kawaida yake. Alifika juu anahema, akasimama akitazama miti iliyo mbele, mji wote ukiwa mgongoni mwake.

Nikampa fimbo yako. Nikamwambia ulichoniambia, neno kwa neno, kama ulivyolisema. Jiwe, kibuyu, maziwa, mkono. Nilikuwa nimejiandaa aondoke. Hakuondoka. Pumzi zilikuwa zimemwishia, kama ulivyosema.

Kisha akaniuliza kitu kimoja.

"Alikuwa ameikala?"

Nikamwambia ndiyo. Alikuwa ameketi vizuri. Hakumwita mtu.

Baba mkubwa Elia akageuka, Shangazi. Taratibu, miguu kwanza, kisha mabega, na kichwa kikaja mwisho. Akaitazama Louisville yote, mapaa, minara ya makanisa, ndege zinashuka, na njia tuliyoipanda. Hakuangalia saa. Grace akamletea maziwa ya dukani aliyoyabeba, kwenye kikombe cha plastiki, naye Baba mkubwa akatandika leso yake juu ya jiwe, akaketi na ile suti, akanywa.

Wewe uliligeukia lile jambo peke yako na ukalibeba peke yako, na ukatusukuma sote mbele kwa ncha ya fimbo ili sisi tusibebe. Nakushukuru. Nimekukasirikia pia, lakini leo nakushukuru. Pumzika sasa, mgongo wako umefanya kazi ya kutosha.

Na nakuahidi hili. Siku njia ya kwetu itakapotulia nitapanda mlima wetu wenyewe, na Grace, na Baba mkubwa kama magoti yatamruhusu, lakini safari hii mimi nitakuwa mbele. Maji sitabeba, kule nayajua. Nitabeba kibuyu. Nitatafuta lile jiwe, nitaketi alipoketi Nyanya, nitakunywa maziwa mpaka mwisho, na hakuna atakayenisimamisha kabla sijamaliza.

Mwanao,
Neema